Kutoka Kilimia hadi Enaiposha: Maneno ya Anga na Mashine katika Historia ya Kiswahili

Utangulizi

Jiji la Arusha limelala upande wa kusini wa Mlima Meru. Katika miteremko ya mlima huo, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, lugha tatu husikika kila siku. Wameru husema Kimeru, lugha ya Kibantu iliyo na udugu wa karibu na Kichaga. Waarusha husema lahaja ya Kimaa, ambayo ni lugha ya Wamaasai. Sokoni, shuleni na ofisini wote hao hukutana katika Kiswahili. Kwa mwanaisimu anayetaka kujua namna maneno yanavyozaliwa, yanavyosafiri na yanavyokufa, mahali hapa ni shule tosha.

Mijadala ya istilahi za sayansi aghalabu huanzia katika ofisi za wasanifu wa lugha, na huishia katika swali la iwapo Kiswahili "kinaweza" kubeba elimu mpya. Swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani, kwani hakuna lugha isiyoweza. Mhadhara huu unauliza swali jingine: ni nani hutoa jina, na jina hilo humfanyia nini yule anayelibeba? Mifano inachukuliwa katika nyanja mbili ambazo leo zinaongozana, yaani elimu ya anga na kuunganishwa kwa mwanadamu na mashine. Hoja inayotetewa ni kwamba lugha hulishika barabara jina la jambo pale ambapo wasemaji wake wanashiriki jambo lenyewe. Wasiposhiriki, hupewa jina na wengine. Na jina la kupewa ama halikai, ama hukaa pamoja na kasoro zake. Kasoro hiyo huvumilika jina linapokuwa la nyota. Linapokuwa jina la sehemu ya mwili wa mtu, haivumiliki.

Anga la wakulima na wafugaji

Kabla ya darubini kulikuwa na jembe na mifugo. Kundi dogo la nyota ambalo Waswahili huliita Kilimia limepata jina lake kutokana na kitenzi -lima. Jina hilo si la pwani peke yake. Wazulu na Waxhosa wa Afrika ya Kusini huliita kundi hilo hilo isiLimela, jina lenye mzizi ule ule. Ushahidi wa namna hii, wa neno moja kukutwa katika lugha ndugu zilizo mbali kiasi hicho, huonyesha kwamba watu waliosema lugha za Kibantu walisoma majira ya kulima angani tangu zamani sana. Methali ya Kilimia, inayosema kwamba kikizama wakati wa jua huibuka wakati wa mvua, na kinyume chake, ni kanuni ya elimu ya anga iliyofungwa ndani ya maneno machache ili isisahaulike.

Wasemaji wa Kimaa nao walilitazama kundi hilo. A. C. Hollis, katika kitabu chake kuhusu Wamaasai kilichochapishwa mwaka 1905, alilinakili jina lao, ambalo leo huandikwa kwa namna mbalimbali zinazokaribiana na Engokwa, na akaeleza jinsi walivyolihusisha na mvua. Kila mwaka, kiasi cha mwezi wa Mei, Kilimia huzama magharibi mara baada ya jua kutua, wakati ambapo masika yanaelekea ukingoni. Mkulima wa migomba wa Meru na mfugaji wa tambarare iliyo chini yake walikuwa na lugha za asili mbili tofauti kabisa, lakini saa yao ilikuwa moja. Majina hayo yaliimarika kwa kuwa kila aliyeyatamka alikuwa na kazi nayo.

Darubini, sayari na kosa la Zebaki

Tabaka la pili la msamiati wa anga lililetwa na bahari. Neno sayari lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kile kinachotembea, kwa kuwa sayari huhama miongoni mwa nyota zisizohama. Falaki na unajimu yana asili hiyo hiyo. Darubini ni neno la Kiajemi lililoundwa kwa vipande viwili, kimoja chenye maana ya mbali na kingine chenye maana ya kuona. Rubani, ambaye leo hurusha ndege, alikuwa hapo awali mwongoza chombo baharini. Chombo chenyewe kilikuwa jahazi au mashua, na sasa tunasema chombo cha angani bila kuhisi ugeni wowote. Maneno hayo yaliingia kwa mikono ya mabaharia walioongozwa na nyota, na ndiyo maana yamekaa kama maneno ya nyumbani. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina ya sayari yaliyopita njia hiyo.

Hata hivyo, sayari iliyo karibu kabisa na Jua ina kisa cha peke yake. Jina lake katika mapokeo hayo ni Utaridi, lakini vitabu kadhaa viliiita Zebaki. Ilhali zebaki ni metali ya majimaji, ile inayotiwa katika vipimajoto. Kwa Kiingereza neno moja, Mercury, hutaja metali hiyo na sayari hiyo pia. Kwa Kiswahili ni mambo mawili yenye majina mawili. Inaelekea kwamba mfasiri alitafuta neno la Kiingereza katika kamusi, akachukua maana ya kwanza aliyoikuta, akaipeleka angani. Kosa hili ni dogo, lakini linafundisha. Jina lililotoka kwa baharia lilikuwa sahihi kwa sababu baharia aliijua sayari. Jina lililotoka katika kamusi lilipotoka kwa sababu baina ya mfasiri na anga palikuwa na lugha ya tatu.

Mwaka 1967

Mwaka mmoja unastahili kusimamiwa kidogo. Kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari likatangazwa Azimio la Arusha. Azimio hilo lilijadiliwa na kutolewa kwa Kiswahili kwanza, na tafsiri ikafuata. Ni kwa sababu hiyo maneno kama ujamaa yaliingia katika vitabu vya Kiingereza yakiwa katika umbo lake la Kiswahili: aliyetaka kulijadili jambo hilo alilazimika kulichukua pamoja na jina lake. Katika mwaka huo huo liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA.

Tarehe 27 Januari, mkutano wa Arusha ukiwa unaendelea, Mkataba wa Anga za Juu ulifunguliwa kutiwa saini huko London, Moscow na Washington. Tarehe 26 Aprili setilaiti ya Kiitaliano iitwayo San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa lililosimikwa baharini karibu na Malindi, katika pwani ya Kenya. Na katikati ya mwaka huo, huko Mererani, kusini-mashariki ya Arusha, yakapatikana mawe ya buluu ambayo jina lake litarejewa hapa chini.

Mambo hayo hayakupangwa na mtu mmoja. Lakini yakiwekwa pamoja yanaonyesha tofauti ya mamlaka ya kutaja. Katika siasa, Arusha ilitoa maneno na dunia ikayapokea. Katika sayansi ya anga, Afrika ya Mashariki ilitoa mahali, na maneno yakatoka kwingine. Kauli inayohusishwa mara nyingi na Mwalimu Nyerere, kwamba wakati wengine wanajaribu kufika mwezini sisi tunajaribu kufika kijijini, ilikuwa na haki yake kwa nchi iliyokosa barabara na zahanati. Lakini mwanaisimu anaweza kuongeza kwamba safari za wale wengine zilikuwa zikipita juu ya vijiji hivyo hivyo.

Uhuru angani

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya iliadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi ya aina ya Scout iliondoka katika jukwaa la San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya elimu ya nyota kwa njia ya eksirei. Mionzi hiyo haipenyi hewa ya dunia, hivyo haiwezi kuchunguzwa kutoka ardhini. Mahali penyewe palichaguliwa kwa sababu za kitaalamu: karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupata mwendo, na njia iliyo juu ya ikweta hukiepusha chombo na sehemu kubwa ya mnururisho unaoweza kuvuruga vipimo. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo katika shirika la NASA, aliipa setilaiti hiyo jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji wake.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na matokeo yake yalibadili elimu ya anga. Vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 vilisaidia kukifanya kiwe mfano wa kwanza wenye ushahidi wa nguvu wa kile kinachoitwa shimo jeusi. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Kwa mwanafunzi wa lugha kuna jambo zaidi. Vyanzo vilivyomo katika orodha hiyo hutajwa kwa alama 4U ikifuatiwa na tarakimu, mathalani 4U 0142+61. Herufi U ni kifupisho cha Uhuru. Hadi leo mtaalamu wa Japani au Uholanzi anapoandika jina la nyota ya namna hiyo huandika neno la Kiswahili lililofupishwa, yamkini bila kujua. Neno lilipanda, elimu iliyopatikana haikushuka kwa lugha ile ile. Waliolijua vyema neno uhuru hawakuelezwa kwa Kiswahili chombo chenye jina hilo kilikuwa kimeona nini. Heshima ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa heshima ya mgeni kwa mwenyeji, na mwenyeji hakuingia katika maabara.

Jukwaa la Malindi lilirusha chombo chake cha mwisho mwaka 1988. Miaka 30 baadaye, mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata setilaiti yake ndogo, na tarehe 15 Aprili 2023 ikarushwa Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi wa Kenya wakishirikiana na wenzao wa Bulgaria. Safari hii jina la Kiswahili halikuwa zawadi.

Mpingo, Tanzanite, Orkaria na Enaiposha

Tangu miaka ya 1990 wataalamu wamegundua maelfu ya sayari zinazozunguka nyota nyingine. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliialika kila nchi kuchagua majina ya nyota moja na sayari yake. Tanzania ilipewa nyota WASP-71 na sayari inayoizunguka kwa muda usiofika siku 3. Nyota ikaitwa Mpingo. Sayari ikaitwa Tanzanite.

Majina haya mawili yanatoka katika historia mbili. Mpingo ni neno la wachonga vinyago, la watu wanaoujua uzito wa mti huo mikononi. Tanzanite ni jina la yale mawe ya Mererani ya mwaka 1967, lililobuniwa mwaka uliofuata na kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ili kuuzia bidhaa yake. Wachimbaji na madalali wa Arusha hulitamka tanzanaiti, nao wamelifanya kuwa lao. Lakini katika orodha ya dunia halikuandikwa kwa matamshi yao, bali kwa tahajia ya muuzaji. Hivyo nyota ina jina la fundi, na sayari yake ina jina la duka.

Katika mwaliko uliofuata, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2023, majina yaliyopendekezwa kutoka Kenya yalipewa nyota GJ 1214 na sayari yake. Nyota iliitwa Orkaria, neno la Kimaa la ngeu, ule udongo mwekundu wa kujipaka. Na kweli nyota hiyo ni kibeti chekundu. Sayari iliitwa Enaiposha, neno la Kimaa la maji mengi yanayoyumba huku na huko, ambalo pia ndilo asili ya jina Naivasha. Sayari hiyo iligunduliwa mwaka 2009, iko umbali wa takriban miaka ya nuru 48, ina uzito unaokaribia mara 8 ya Dunia, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa na maji tele. Mwaka 2023 vipimo vya darubini ya anga ya James Webb vilionyesha kwamba imefunikwa na ukungu mzito unaoakisi mwanga.

Kwa hiyo mtoto wa Kiarusha anayekulia Meru anaweza leo kulisoma katika jarida la sayansi neno ambalo nyanyake hulielewa bila kamusi. Hilo ni jambo la kufurahia. Ni vyema pia kukumbuka kwamba wapendekezaji walijua tabia za nyota na sayari hiyo kabla ya kuchagua: wekundu ukapewa ngeu, maji yakapewa ziwa. Hawakuanzia katika neno la Kiingereza. Njia waliyoifuata ni ile ya Kilimia.

Mtu na mashine

Kuunganishwa kwa mwanadamu na mashine huonekana kuwa jambo lililo mbali na nyota. Kihistoria, mawili hayo ni ndugu. Mwaka 1960 watafiti wawili wa Marekani, Manfred Clynes na Nathan Kline, waliandika kwamba mtu atakayesafiri angani hatafaulu kwa kubeba mazingira ya dunia. Badala yake mwili wake uongezewe vifaa vitakavyouwezesha kuishi huko. Kiumbe huyo wakamtungia jina ambalo kwa matamshi ya Kiswahili ni sayborgi. Mawazo hayo yamefika mbali. Mwaka 2004 mradi wa BrainGate ulianza kujaribu kuunganisha ubongo wa mtu aliyepooza na kompyuta, na Januari 2024 kampuni ya Neuralink ilimpandikizia mtu kifaa chake kwa mara ya kwanza.

Tanzania nayo ina historia yake katika jambo hili, na haikuanzia katika maabara za anga. Moshi, kiasi cha mwendo wa saa 2 kutoka Arusha, pana chuo cha TATCOT katika hospitali ya KCMC, ambacho tangu mwaka 1981 kimefundisha mafundi wa viungo kutoka nchi nyingi za Afrika. Huko Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu ambavyo hupeleka ishara za umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa sikio. Mtoto aliyepandikizwa kifaa hicho anaposema "nasikia", kiambishi ni- kinamtaja yeye, si mashine. Sarufi imekwisha kuamua kabla ya wanafalsafa.

Lakini msamiati haujaamua. Mguu uliotengenezwa na fundi huitwa mguu bandia. Neno bandia, ambalo pia hutaja mwanasesere, ndilo hilo hilo linalotumika katika noti bandia na dawa bandia, yaani vitu vya kudanganyia. Mtu anayepanda mteremko wa Meru kwa mguu huo hadanganyi mtu. Mguu unamfikisha shambani. Kiswahili kinalo kosa la zamani la aina hii. Majina kama kilema na kiwete yaliwaweka watu katika umbo la KI-, ambalo ni umbo la vitu, hata kama upatanisho wake ulibaki wa mtu: kiwete amefika. Usemi wa watu wenye ulemavu, ulioingia hata katika jina la sheria ya Tanzania ya mwaka 2010, ulikuja kulirekebisha hilo. Kwa upande mwingine, viziwi wamelishika jina lao wenyewe, kama inavyoonekana katika jina la chama chao, CHAVITA. Tofauti haiko katika kiambishi pekee, bali katika swali la nani aliulizwa.

Kiumbe na unde

Swali hilo limerudi kwa nguvu tangu mashine zilipoanza kuandika na kuzungumza. Maneno matatu yanashindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Mashindano si mageni. Kompyuta, tarakilishi na ngamizi yalikwisha kushindana, na kila nchi ikawa na mazoea yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, na kazi hiyo iliwalazimu watafsiri kutafuta mamia ya istilahi. Barua pepe lilishika mizizi bila kusukumwa. Maneno mengine yalibaki katika orodha.

Kati ya hayo matatu, unde ndilo linalomfungulia mwanaisimu mlango mpana zaidi. Limetokana na -unda, kitenzi cha mafundi wa vyombo vya bahari: jahazi huundwa. Umbo lake lafanana na lile la kiumbe, kutokana na -umba. Kwa muda mrefu vitenzi hivi viwili vimegawana dunia. Mungu huumba, fundi huunda. Mtu ni kiumbe. Mashine ni unde. Sasa mwenye kifaa ndani ya sikio au kifuani ni kiumbe chenye sehemu iliyoundwa, na mpaka wa vitenzi hivyo unapita katikati ya mwili mmoja.

Hata hivyo, historia ya -umba inatuonya tusiuchukulie mpaka huo kuwa ukuta. Asili yake ya Kibantu ilihusu kufinyanga udongo. Lilikuwa neno la karakana, la mfinyanzi na chungu chake, kabla halijapandishwa hadi kwenye kazi ya Muumba. Neno la fundi likaaminiwa kubeba jambo kubwa kuliko yote. Kama -umba liliweza kupanda hivyo, hakuna sababu ya kisarufi ya kumwacha mwenye mguu wa kuundwa chini ya neno linalotaja pia noti za matapeli.

Upande wa pili nao unahitaji uangalifu. Katika Kiswahili, viumbe wenye uhai hupatanishwa na a- hata nomino yao ikiwa ya ngeli nyingine: kifaru amekimbia, si kimekimbia. Je, tunasema roboti imejibu au roboti amejibu? Atakayesema amejibu ameipa mashine nafasi ya mtu kwa herufi moja tu. Badiliko hilo likija, litaanzia midomoni mwa vijana wanaozungumza na simu zao, na kamusi zitafuata.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha namna tatu za kupata jina. Kilimia lilitoka kwa watu waliokuwa na kazi angani. Zebaki lilitoka katika kamusi ya lugha nyingine. Uhuru lilitolewa kama heshima, likabaki herufi moja. Enaiposha linaonyesha kwamba njia ya kwanza bado iko wazi, hata kwa vitu vilivyo umbali wa miaka ya nuru 48.

Ikiwa ni hivyo, kazi ya istilahi za mwili na mashine haiwezi kumalizwa mezani. Mtunga kamusi anayetaka neno la mguu ule aende kwenye karakana za Moshi, asikilize mafundi wanauitaje wanapoupima, kisha amsikilize mwenyewe anauitaje anapouvaa asubuhi. Huenda akakuta kwamba mwenye mguu huo hauiti bandia wala unde. Huenda akauita, kwa urahisi kabisa, mguu wangu. Na hapo itabidi kamusi ianze upya kutoka kwenye kimilikishi.